Mzee Linus Obadia na Kengele Aliyoichelewesha

Mzee Linus Obadia Chilala, tunayemlaza leo Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, alizaliwa Jumapili, tarehe 23 Septemba 1951, kijijini Matambarale, wakati Wilaya ya Ruangwa yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Obadia Chilala, Mmwera wa hapo hapo Matambarale, na Mama Raheli, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Padre aliyembatiza alifungua kalenda ya kanisa, akakuta alizaliwa siku ya Mtakatifu Linus, jina likawa limepatikana. Mama yake, ambaye Kiswahili hakikumkaa vizuri mdomoni, alimwita Linu hadi alipofariki. Kaka zake watatu walitangulia wote. Katika miaka kumi na moja ya mwisho hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyemkumbuka akiwa mtoto, na aliwahi kusema kwamba huo ni upweke wa peke yake, wageni hawauponyi hata wakijaa uani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 hapo kijijini, kisha akaendelea katika shule ya misheni, akitembea Jumapili jioni na mfuko wa unga wa muhogo begani na kurudi nyumbani Ijumaa. Alimaliza masomo mwaka 1967. Alipenda kusema kwamba pale misheni alijifunza mambo mawili tu, kusoma na kuamka. Siku nzima ilikatwa vipande kwa kengele, na kila kipande kilikuwa na kazi yake. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Mungu. Bruda mmoja alimfundisha pia kuchomelea vyuma. Kengele na chuma havikumwacha tena.

Mwezi Machi 1970 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana ya serikali mjini Nachingwea, akatengeneza magreda na matrekta kwa miaka arobaini na moja, hadi alipostaafu mwaka 2011. Saa sita mchana, popote alipokuwa, aliweka spana chini, akafuta mikono, akasali Malaika wa Bwana. Mzee Seleman, fundi mwenzake, ambaye tuko naye hapa leo, anakumbuka siku alipomkuta Linus amelala chini ya greda, macho amefumba, midomo inacheza.

"Wewe Linus, hilo dude likikushukia sasa hivi, utafika kwa Mungu na grisi usoni."

"Halishuki. Nimetanguliza jeki, ndiyo nikasali."

"Kumbe imani yako ni ya jeki!"

"Jeki ni yangu, Sele. Yanayobaki ni ya Mwenyewe."

Jumamosi, tarehe 20 Novemba 1976, alifunga ndoa na Bi. Eva, binti wa Ruangwa, wakaweka makazi yao hapa Nambambo, Nachingwea. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gabrieli na Ivan, ndio sisi tulioandika wasifu huu. Katika nyumba hiyo siku ilipangwa. Kila asubuhi kabla ya chai marehemu aliwauliza wanawe, "Leo utafanya nini ambacho kitakuwepo siku wewe haupo?" Gabrieli, akiwa na miaka saba, aliwahi kujibu kwamba atapiga mswaki. Baba alicheka hadi akakohoa, kisha akasema taratibu kwamba hata meno hayakai.

Mwaka 1984 waamini wa kigango chetu walipomaliza kujenga kanisa hawakuwa na kengele. Marehemu alikwenda kwenye machuma yaliyoachwa porini na Mradi wa Karanga wa Waingereza, akapata rimu la gurudumu la trekta, akalichomelea ndoano, akalitundika kwenye nguzo mbili za mninga. Akawa sakristani, mtunza kanisa, siku hiyo hiyo. Kwa miaka thelathini na mbili alilipiga kwa nondo kila alfajiri saa kumi na mbili kamili, mvua au jua. Wengi wetu tuliamshwa nalo, Wakristo kwa Waislamu. Zipo asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyekuja kusali. Alipiga, akasali peke yake, akafagia, akarudi nyumbani.

Mama yetu alilizoea rimu hilo kwa utani. "Mume wangu ana wake wawili," aliwaambia wanawake wa jumuiya, "mmoja wa chuma. Na huyo wa chuma ndiye anayeamkiwa kwanza." Wakicheka, naye alicheka. Sisi wanawe tulikuwa tumeshakuwa watu wazima tulipoanza kujiuliza alikuwa anachekea nini.

Bi. Eva aliugua moyo kuanzia mwaka 2014. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Machi 2016, marehemu aliamka kama kawaida, akawa anafunga viatu. Mama akamwambia, "Baba Gabrieli, kaa kidogo." Akamjibu, "Napiga kengele, narudi." Alipiga. Alisali. Alifagia. Ilimchukua nusu saa, ile ile ya kila siku. Aliporudi alimkuta jirani yetu, Bi. Bibie Uwesu, ameketi kitandani, ameushika mkono wa mama, na mama hayupo tena.

Bi. Bibie ni mtani wake marehemu, na ukuta wa nyumba yake na yetu ni kama mmoja. Baada ya arobaini marehemu alimwendea.

"Mtani, siku ile alisema nini?"

"Unataka ya kukupoza au ya kweli?"

"Ya kweli."

"Alikuita. Siyo Baba Gabrieli. Alikuita Linus. Mara mbili."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unagonga chuma. Nilikusikia. Na yeye alikusikia."

Marehemu alimshukuru, akarudi nyumbani, akakaa. Hakuacha imani. Wapo waliodhani ataacha, lakini imani ndiyo iliyomnyima usingizi. Alimwambia Gabrieli kwenye simu, "Mwanangu, naamini kabisa nitamkuta mama yenu. Ndilo tumaini langu, na ndilo ninaloliogopa. Ataniuliza nilikuwa wapi." Umilele aliouwaza tangu utotoni kama mahali pa mbali penye mwanga, sasa ulikuwa na mtu mmoja amesimama mlangoni anamsubiri, na yeye hakuwa na jibu la kumpa.

Tangu hapo alibadili mpango wa siku. Aliamka saa kumi na moja, na kabla ya kengele alikwenda kwa Bi. Bibie, akapiga hodi. Hakuondoka mpaka ajibiwe.

"Bado sijafa, mtani! Nenda kasali!"

"Nimesikia. Maji unayo?"

"Ninayo. Na ungekuwa unanioa ningekuwa na ya moto."

Kutoka hapo alipita kwa mama mmoja aliyepooza upande, kisha kwa mzee asiyeona, kisha kwingine, milango saba kwa jumla, yote ya watu wanaolala peke yao. Hakuuliza dini. Akimkuta mtu hali yake si nzuri alikaa naye hadi mwingine atokee, ndipo aende kanisani. Kengele ya Nambambo ikaanza kulia saa kumi na mbili na robo, saa moja kasoro, na siku moja saa moja na nusu, jua limeshapanda na watu wako mashambani wanapalilia.

Mwezi Agosti 2019 kamati ya kigango ilimwita. Mwenyekiti wetu, Mzee Alfred, alimwuliza kwa upole, kwa sababu ni watu waliopendana.

"Mzee Linus, kuna shida gani? Watu hawajui hata saa."

"Wana simu, Mwenyekiti."

"Lakini kengele ni ya Mungu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba ya Mungu yanatangulia."

"Nilifundisha hivyo. Na bado yanatangulia. Ila nilidhani yako upande mmoja tu wa njia." Kisha akasema, "Mungu hajawahi kunilalamikia nimechelewa. Aliyelalamika ni mwingine, nami sikukaa."

Kikao kilifungwa kwa sala. Mwaka 2021 kigango kilinunua spika na simu iliyowekewa mlio wa kengele, ikawa inalia yenyewe saa kumi na mbili kamili. Kamati haikukosea, ratiba ya ibada inahitaji saa. Marehemu alikabidhi nondo yake, akaomba ruhusa moja tu, ya kuendelea kulifuta vumbi lile rimu. Aliendelea na milango yake. Vijana wa bodaboda walimbatiza Mzee wa Hodi, na alipopita waliitana, "Hodi hodi hiyo!" naye akawaitikia, "Karibuni." Lakini tunajua kutoka kwa Bi. Bibie kwamba spika ilipolia asubuhi alisimama popote alipokuwa, mkono wa kulia umekunjwa kama umeshika kitu, mpaka mlio uishe.

Tulimwomba ahamie Dodoma kwa Gabrieli, au Mtwara kwa Ivan. Kila mara alijibu, "Nani atamwamsha Bibie?" Hatukulichukulia kuwa jibu. Tulidhani ni ukaidi wa wazee. Tulipanga kuja kumwona Pasaka. Mwaka uliotangulia pia tulipanga Pasaka, na uliotangulia huo tulipanga Krismasi. Kulikuwa na semina, kulikuwa na ada, kulikuwa na gari bovu. Tunayaandika haya kwa sababu yeye asingependa wasifu wake upunguzwe ukweli mbele ya jeneza lake, na kwa sababu swali lake la kabla ya chai tulilisikia mara elfu kadhaa na tukaondoka nyumbani bila kulijibu.

Mwezi Aprili 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa hapa Nachingwea, akapewa rufaa, akaenda, na Oktoba 2024 madaktari walimruhusu arudi nyumbani na dawa za maumivu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia. Kuanzia Desemba hakuweza tena kutoka. Ndipo ilipotokea kwamba Bi. Bibie, mwenye miaka sabini na tisa na goti bovu, alianza kuvuka ua kila alfajiri na fimbo yake.

"Hodi, mtani! Umekufa?"

"Bado."

"Basi fungua. Mimi siyo mke wako wa chuma, nachoka kusimama."

Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, Padre alimpa Mpako wa Wagonjwa. Gabrieli alikata tiketi ya basi la Ijumaa. Alhamisi, tarehe 6 Februari, kukiwa na manyunyu, Bi. Bibie alipiga hodi na hakujibiwa. Aliingia, akamkuta anapumua kwa shida. Alimtuma mjukuu wake, Shakila, akatafute bajaji ya kumpeleka hospitali, yeye akaketi kitandani.

Marehemu alimwambia kwamba ni karibu saa kumi na mbili, aende kwenye rimu, alipige mara tatu tu.

"Siendi," Bi. Bibie alimjibu. "Kengele siku hizi inajipiga yenyewe. Mimi nimekaa."

Spika ililia. Bi. Bibie anasema marehemu aliisikiliza mpaka mwisho, mkono wake wa kulia umekunjwa ndani ya mkono wa mtani wake. Kisha akamwita mkewe. Hakumwita Mama Gabrieli, jina alilomwita tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Alisema, "Eva." Akatega sikio kama mtu anayesikiliza upande wa pili wa mlango. Akasema tena, "Eva." Bajaji ilipofika alikuwa amekwisha kwenda. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gabrieli na Ivan, wakamwana wawili, wajukuu watano, mtani wake Bi. Bibie Uwesu, na milango mingine sita ambayo tangu Desemba haijagongwa na mtu.

Jana jioni hapa msibani, watu walipokuwa wanalia, Bi. Bibie alisimama akadai haki yake ya utani. "Mnalia nini? Mwambieni Eva asimfungulie haraka. Amwache nje kwanza, apige hodi mara mbili, ndipo amwulize alikuwa wapi. Na mimi ni shahidi wake: alikuwa kwangu." Watu walicheka, na katika kicheko hicho, kwa mara ya kwanza, wanawe tulielewa kwamba miaka tisa yote alikuwa anatafuta jibu hilo.

Leo alfajiri saa kumi na mbili Ivan alikwenda kugonga mlango wa Bi. Bibie. Sauti ilitoka ndani: "Umechelewa. Baba yako alikuwa anakuja saa kumi na moja."

Kesho tutawahi.

Baba, hodi yako ijibiwe. Kaa sasa, hakuna tena cha kukuamsha, upumzike kwa amani alipo Eva, katika mwanga wa Bwana usiozimika. Amina.