Vipimo Vyenu vya Zamani

Funga mlango huo, Mwalimu, na wewe Bosi zima simu, si kuilaza kifudifudi mezani, kuizima kabisa, maana ninayotaka kuyasema nitayasema mara moja tu na pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigawana na watu wa ofisini kwenu. Kitindamimba, kaa hapo miguuni. Nimewazaa watatu na majina haya niliwapa mwenyewe: wewe Bosi kwa ajili ya kiti chako chenye magurudumu, wewe Mwalimu kwa sababu unafundisha na kwa sababu huwezi kuombwa maji bila kutoa maelezo, na wewe Kitindamimba kwa sababu jina lingine bado hujajitafutia. Leo ni Jumapili. Jumapili iliyopita daktari aliwaambia kwamba sitamaliza wiki mbili, akawaambia hapo barazani kwa sauti ya chini, dirisha langu likiwa wazi, na Jumatatu asubuhi mkawa mmefika wote, ninyi ambao mwaka mzima hamkuwa na nafasi. Bosi unakaa mitaa mitatu kutoka hapa. Ilibidi nife ndipo uione njia.

Siku sita nimelala nimefumba macho, mkadhani akili imeshaniacha. Nilikuwa nimechoka kuwatazama, basi. Masikio yangu hayana ugonjwa wowote, na mtu aliyekaa miaka arobaini na mmoja mbele ya cherehani huku akiwasikiliza wateja wakisengenyana hajifunzi leo kusikiliza. Jumatatu, Bosi, ulisimama koridoni ukamwambia mtu kwenye simu, "Mama ndiyo anamalizia malizia," kama vile unazungumzia fundi anayepaka rangi ukuta. Siku hiyo hiyo Kitindamimba uliletewa supu yangu unilishe, ukaionja kama ina chumvi, ukaionja tena, ukaendelea kuionja mpaka bakuli likawa jeupe, kisha ukamwambia dada yako kwamba mgonjwa leo amekula vizuri. Nilikusikia unafuta mdomo. Wala sikukasirika sana, kwa sababu ile supu dada yako ndiye aliyeipika.

Jumanne mkaingia chumba cha mbele. Mlitaka nafasi ya viti vya waombolezaji, na mimi nikiwa bado nakohoa ukuta wa pili. Haya, nafasi inahitajika. Lakini juu ya meza yangu ya kukatia kulikuwa na mafungu saba, magauni saba ya shangazi na mama wadogo wa bibi harusi wa Jumamosi, kitambaa kimoja, rangi moja, wanawake saba wenye maumbo saba. Nilikuwa nimekwisha kuyakata na nguvu zikaniishia kabla ya kuyashona. Kila fungu nililifunga kwa utepe, na kwenye kila utepe kikaratasi chenye jina la mwenye nguo. Mwalimu ukaona uchafu. Ukafungua tepe zote, vikaratasi ukavitia kwenye pipa la taka, na vipande ukavipanga kwa utaratibu wako wa darasani: mikono yote pamoja, migongo yote pamoja, kola zote ndani ya bahasha, bahasha ukaiandika "kola". Ukamwambia kaka yako, "Angalau sasa inaeleweka." Umelelewa ndani ya nyumba hii, umekula kwa nguo za watu, umesomeshwa kwa nguo za watu, na hujui mpaka leo kwamba mkono una mwili wake. Mwizi angenifanyia heshima kuliko wewe. Mwizi angebeba fungu zima zima.

Hapo niliumia, nawaambia wazi, na maumivu ya kifua hayakufika robo yake. Kufa sikuoni kitu cha ajabu. Nilichokiogopa ni kuitwa yule fundi aliyekufa na nguo za watu, wanawake saba waje hapa Jumamosi wakute maiti na rundo la mikono, wakae kwenye msiba wangu wakinong'onezana kwamba harusi yao niliiharibu mimi. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote bila mtu hata mmoja kuondoka mlangoni kwangu mikono mitupu siku niliyomwahidi. Hicho ndicho nilicho nacho. Kingine chote mnachokitazama humu ndani ni mabati na matofali.

Ninyi mlitazama mabati na matofali. Jumatano Bosi ulipima chumba cha mbele kwa hatua za viatu vyako, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, ukipiga hesabu ya duka la kupangisha, katika nyumba yenye tepu za kupimia tano zinazoning'inia mbele ya pua yako. Kisha mkakaa jikoni mkazungumzia nguo nyeusi. Kitindamimba ukasema, "Mama bado yupo," nami nikafungua jicho moja kidogo kwa mshangao, kwa sababu sikujua kwamba una uwezo wa kusema jambo la maana. Bosi akakujibu, "Ndiyo maana tunawahi." Na mkaamua kazi hiyo mumpe Kola.

Kola, kati ya mafundi wote wa mji huu. Kama mmesahau nitawakumbusha: yule bwana alinijia akiwa mtu mzima na ndevu zake, nikamfundisha kukata, nikamfundisha bitana, nikamfundisha jinsi ya kumwambia mteja mnene ukweli bila kumpoteza, na mwaka wa tatu akavuka barabara akafungua duka mkabala na dirisha langu, na wateja wangu sita wakavuka naye. Jina la Kola nilimpa mimi, kwa sababu kola zake hazilali mpaka leo, husimama kama masikio ya mbwa aliyesikia kitu. Miaka ishirini na miwili sijampa hata salamu. Na ninyi mlipoulizwa vipimo mkamwambia, tena kwa kujiamini, "Vipimo vyetu anavyo mama."

Basi Alhamisi, mlipokwenda kuangalia turubai na viti vya kukodi, mtu akapiga hodi hapa chumbani.

"Mama Fundi," akasema, "samahani. Nimetumwa daftari la vipimo."

Nikafungua macho yote mawili. "Na nani?"

"Na wanao. Wanataka nguo tatu nyeusi."

"Za nini?"

Akatazama viatu vyake. Mtu mzima, mvi kichwani, amesimama mbele yangu kama mteja aliyekuja bila kitambaa. Nikamwambia aache upuuzi, avute stuli, daftari liko chini ya mto. Alipoinama akaona vipande vyangu vilivyopangwa na Mwalimu, vimeletwa humu na kurundikwa pembeni ya kabati. Akashika mkono mmoja, akashika wa pili, akaifungua ile bahasha iliyoandikwa "kola", akaniuliza nani amefanya haya. Nikamwambia ni binti yangu msomi. Yule bwana akacheka mpaka akaketi sakafuni, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye mpaka nikatapika. Hamkuniona nikicheka wiki nzima, na aliyenichekesha ni mtu ninayemdharau.

Kisha hakuniuliza lolote. Akavua koti, akafungua daftari ukurasa wa yule shangazi mwembamba, akaanza kupima kipande baada ya kipande, mkono inchi ishirini na mbili, huu si wenyewe, huu ndio wenyewe, akitia alama ya chaki, akifunga upya. Saa tatu nzima alikaa kwa magoti. Mara mbili nilimwambia amekosea na mara moja alikuwa amekosea kweli. Akavusha mafungu saba barabarani, akayashona na mafundi wake wawili, Ijumaa jioni akaniletea nikague, nikamfumulisha kola mbili, akafumua bila kununa. Jana asubuhi wale wanawake walipopita kunishukuru mlidhani ni waombolezaji waliowahi, Bosi ukawapokea kwa uso wa msiba ukawashika mkono mmoja mmoja, nao wamevaa magauni mapya wanakwenda harusini, hawajui wacheke au wakupe pole.

Kwa hiyo sikilizeni ninavyoacha vitu vyangu, na Mwalimu andika, usirembe. Chumba cha mbele, cherehani zote mbili, meza ya kukatia, pasi na mikasi, ni vya Kola. Usinitolee macho, Bosi. Simpendi, na kola zake nitazilaumu mpaka kaburini, lakini nguo ya mtu ikiingia mle itatoka ni nguo. Vyumba vya nyuma na hiki ninachofia ni vyenu ninyi watatu, gawaneni, na atakayeleta ugomvi juu ya nani achukue chenye dirisha akumbuke kwamba dirisha hilo linatazama duka la Kola na atamwona kila asubuhi akifungua. Kabati ni la Mwalimu, ndani yake kuna mahali pa kupanga. Redio ni ya Kitindamimba.

Limebaki moja, na hili sikutaka kuwaambia. Kola alipomaliza mafungu alifungua kurasa zenu tatu. Akasoma tarehe, akaniuliza, "Mama, vipimo hivi ni vya zamani sana, si niwapime upya?" Bosi, ukurasa wako una miaka kumi na mmoja, tangu ile suti uliyoendea kuombea kazi, na kiuno chako hapo ni inchi thelathini na moja. Mwalimu, wako una miaka saba. Wa Kitindamimba una sita. Baada ya hapo mkawa watu wa nguo za dukani, hamkuja tena kusimama mbele yangu mkiwa mmeinua mikono. Nikamwambia Kola, shona kama ilivyoandikwa. Tena nilisema kwa raha. Nililala pale nikiwaona kando ya kaburi langu, vifungo vimefyatuka, suruali juu ya vifundo, na mtaa mzima ukihesabu kwa macho ni miaka mingapi watoto wa fundi hawajaja kwa mama yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yangu ya wiki, na niliipata bila kuonja supu ya mtu.

Halafu leo asubuhi Kitindamimba ulinibadilishia shuka. Hukuitwa. Ulinikuta nimejilowesha, hukupiga kelele, hukumwita dada yako, ukaninyanyua nikakuegemea, mkono wangu ukashika bega lako. Na bega lile sikulijua. Limepungua, mwanangu, limepungua inchi nzima na zaidi, nikashika na ubavu nikakuta mifupa. Ulikula supu yangu kwa sababu una njaa. Na mimi ninayejisifu kwamba namjua mtu umbo lake akiwa bado anavuka barabara nilikuwa nimelala siku sita nikikucheka kwa macho yaliyofumbwa. Niliona aibu. Sijazoea kuona aibu, nimezoea kuwagawia wengine.

Kola atakata kitambaa kesho asubuhi, hajakigusa bado. Nipeni tepu, ile iliyo msumarini. Njoo wewe kwanza, geuka, mgongo kwangu, piga magoti maana siwezi kuinuka. Mwalimu, andika. Mabega, kumi na sita na nusu. Hapo andika pia kwamba huyu akae nyumbani kwako mpaka ashibe, umpikie, na umwache Kola amuonyeshe kazi akitaka mwenyewe. Kifua thelathini na nne. Mungu akupe mwili, mwanangu, na akupe mdomo wa kusema ukiwa na njaa.

Mwalimu, mpe kaka yako kalamu. Inua mikono. Hujawahi kusimama bila kusahihisha mtu, simama hivyo hivyo. Umefanana na mimi kiunoni, pole. Mungu akupe watoto wanaochafua, na akupe... subiri. Subiri nivute pumzi. Akupe subira nao, ambayo mimi sikuwa nayo kwako. Thelathini na nane. Ndiyo, nane, andika, kitambaa hakisemi uongo.

Mnizike kabla ya adhuhuri. Asihutubie mtu. Kola asikae nyuma, akae na ninyi.

Bosi. Njoo, sogea, zaidi, mkono wangu haufiki. Shika ncha hiyo, izungushe wewe mwenyewe, mimi nitaibana hapa. Unabana tumbo. Wateja wote wanabana tumbo, wanadhani fundi haoni, na nguo ikija wanasema imeharibiwa. Legeza. Sitaki kifungo kikuzuie kulia siku hiyo, kama utalia. Mungu akusamehe, na mimi... nami nimekusamehe, lile la koridoni pia. Legeza, mwanangu. Pumua kama kawaida. Haya. Namba siioni. Soma wewe, soma kwa sauti nisikie.