Jukwaa la Cherehani Zinazokohoa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Fundi Mkuu, ndugu washonaji mliofunga vibanda vyenu kuja kutusikiliza, wageni waalikwa: shikamooni. Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, nami nimejiwekea ahadi ya kusema yote, hata yale ambayo mama yangu, aliyeketi pale dirishani, angependa niyameze.

Kwa miaka kumi na mmoja mama amepokea simu za wateja wa kiwanda hiki. Hakati simu mpaka mteja akanyage cherehani yake, naye aisikie ikienda. Leo tunazindua jukwaa la mtandaoni, ambapo wateja wataulizana na kujibiana. Mkataba wa mama unaisha mwezi huu. Je, nani kati yenu hajajiuliza yule wa simu ataenda wapi? Mimi nilijiuliza likizo nzima, nilipokuwa nikisaidia kujaribu programu tatu za jukwaa hili ili ichaguliwe moja.

Mafundi walijifanya wateja. Wakauliza, wakajibu, wakapongezana, na programu zote tatu zikafaulu! Mama akacheka.

“Jamani, mtihani mmetunga wenyewe, mmefanya wenyewe, mmesahihisha wenyewe. Mteja gani anaandika ‘mvutano wa uzi wa juu’?”

“Haya dada, mteja wako anasemaje?” akauliza Fundi Mkuu.

“Anasema cherehani inakohoa.”

“Basi apewe dawa ya kifua!”

Kicheko kilipokwisha, tukaandika maneno hayo. Programu zote tatu zikatafuta, zisipate jibu la kuleta. Lakini ile ya tatu, yenye sura mbaya kuliko zote, ilikuwa na kitufe cha kutuma sauti. Mama akarekodi cherehani ikikohoa, kisha akarekodi jibu lake. Fundi Mkuu alikuwa ameshaandika barua ya kuchagua ile ya kwanza. Akaichana mbele yetu. Bwana Fundi Mkuu, kukubali kosa mbele ya mwanafunzi kama mimi si jambo dogo, nami nakuheshimu kwa hilo.

Majibu mia mbili na sita yaliyomo jukwaani leo yote yametoka kinywani mwa mama. Keshokutwa washonaji watakuja na vikohozi vipya.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea sikio. Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba unijibu kabla utepe haujakatwa: Jumatatu asubuhi, sauti zikianza kuingia, ni nani atakayezisikiliza?