Pesa Zilizosomwa kwa Jina la Manase

Sogeeni wanangu, nisikilizeni, na wewe Filimone mwambie mtu wa huko nje aache kutwanga mizizi ya kava ya kunywa, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na kinu. Anaseini, niinue kidogo kwenye mto. Dada yangu Lavinia, kaa hapa mbele, usijifiche nyuma ya watoto. Wewe ni shangazi yao, na katika nyumba hii hakuna aliye juu yako, hata mimi ndugu yako wa kiume. Na Manase, kaa hapohapo ulipo. Najua umefika jana na feri. Au juzi? Siku zimeanza kunichezea, kila nikifumbua macho naona ni siku ileile.

Nataka kusema habari ya zile pesa za benki, kwa sababu nikifa bila kuzisema, kila mmoja wenu atazisimulia anavyopenda, na mimi mwenyewe nimekwisha kuzisimulia kwa namna tatu, na kila mara niliamini ninasema kweli.

Lakini naanza na jambo la zamani, kwa kuwa la sasa limezaliwa na lile. Manase alipokwenda Australia kuchuma machungwa alinitumia pesa miaka miwili, na kila mara aliniandikia, Baba, hizi ni za nyumba, nunua mbao, nunua mabati. Nami nilinunua mbao nne. Zilizobaki nilizipeleka mezani kanisani Jumapili ya misinale, ile sadaka kubwa ya mwaka, mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu kila karani aliposoma jina letu na kiasi tulichotoa, watu waligeuka kunitazama, na mimi nilipenda kutazamwa. Mtoto aliporudi akakuta mbao nne zimeota uyoga. Akasimama pale uani, mbele ya watu, akasema, "Baba, wewe huna watoto, una sahani ya sadaka tu." Ulimi hauna mfupa, wanangu. Nikamjibu, "Basi siku nikifa usishike sepetu kaburini kwangu. Watanizika wenye baba." Akaondoka na feri ya asubuhi, ikapita miaka kumi na mmoja, na muda wote huo nilijiambia kwamba haki ni yangu. Leo naitafuta haki hiyo, sijui niliiweka wapi.

Sasa, mwaka jana, wiki moja kabla ya misinale, nilikwenda benki kule Ohonua kutoa paanga mia mbili anazoniwekea Anaseini. Binti wa dirishani akanipa karatasi, nikaona tarakimu nikadhani ni namba ya simu. Nikamwuliza, "Mwanangu, hii ni nini?" Akasema, "Ndilo salio lako, mzee. Elfu kumi na moja mia tatu na arobaini." Nikamwambia asante. Asante! Ningeuliza tu zimetoka kwa nani, leo nisingekuwa nawachosha. Lakini mnatujua tulivyo. Pesa zinatushukia kutoka Auckland, kutoka Sydney, kutoka kwa binamu ambao hata sura zao tumezisahau, na mtu akianza kuchunguza nani katuma na nani hakutuma ataambiwa anapima upendo wa ndugu zake kwenye mizani. Basi sikuuliza. Nilikaa kwenye ngazi za benki, kofia mkononi, nikawapitisha jamaa zangu mmoja mmoja, nisione mwenye uwezo wa kiasi kile isipokuwa mmoja, naye alikuwa hasemi nami. Nikajiambia, ni Manase, amenisamehe, ameona haya kusema. Moyo ukitaka kitu haukosi ushahidi.

Nikazipeleka zote kanisani. Mtoto alinikimbia kwa sababu ya meza ile, na mimi shukrani yangu nikaiweka juu ya meza ileile! Lavinia, wewe ulinivuta koti ukasema, "Inoke, lakini umeuliza?" Nikakujibu, "Dada, wewe na mashaka yako!" Karani akasoma, "Inoke Fakava, kwa jina la mwanawe Manase, elfu kumi na moja mia tatu na arobaini," nami nikasimama nikalia kama mtoto, nikasema Mungu amenirudishia mwanangu. Mtu akanirekodi kwa simu yake, na kabla nguruwe wa karamu hawajatolewa kwenye tanuri, Manase amekwisha kuniona kule kwenye machungwa yake.

Akapiga simu jioni ileile. Akasema, "Baba." Nikasema, "Naam." Akauliza kama mguu bado unaniuma. Tukazungumza habari ya mguu, na ya mvua, na ya yule farasi aliyekufa. Hakusema ametuma, wala hakusema hakutuma, nami kwa adabu sikuuliza. Tangu hapo akawa anapiga kila Jumapili, na nilikuwa nanyoa ndevu kabla hajapiga, kana kwamba ataniona.

Wiki ya nne benki wakaniita. Meneja, kijana mpole anayetoka jasho sana, akasema, "Mzee Inoke, kosa ni letu. Mtu wetu aliandika saba badala ya moja mwishoni mwa namba ya akaunti. Pesa zile ni za mama mmoja wa kisiwa cha Vavau, Kalisi Moala. Ni za vanila yake ya misimu mitatu." Nikamwambia, "Sasa ndiyo unakosea. Ametuma mwanangu." Akasema, "Hazikutoka Australia, mzee, zimepitia madirisha yetu wenyewe." Nikapiga meza, nikasema mpigieni Manase awaaibishe. Wakapiga. Manase akasema, "Si mimi, Baba. Nilipokuona unalia nikashindwa kukwambia. Nilitamani ningekuwa mimi."

Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika, wanangu, na haijatulia hata sasa ninapokata roho. Nilimsamehe mtoto kwa jambo ambalo hakulifanya, naye akanirudia kwa shukrani isiyokuwa yake. Je, tumepatana au hatujapatana? Na Mungu alipokea nini siku ile, kama mtoaji alikuwa Vavau hana habari? Wewe Filimone ulisema, "Kosa ni la benki, wacha wale hasara." Mchungaji akasema kilichowekwa mezani hakirudi, wiki iliyofuata akasema kamati italikalia suala hilo, na kamati imelikalia mpaka leo haijainuka. Kila mtu ana sheria yake, na kila nikiisikia naiona ya kweli. Kisha Kalisi mwenyewe akanipigia. Hakunitukana. Alisema, "Mzee, kimbunga kilichukua paa langu, na zile pesa zilikuwa za paa. Nasikia liko kanisani kwenu. Sasa mvua ikinyesha nije nilale huko?" Nikamwambia tutalipa.

Basi shikeni hili. Mkikuta katika akaunti pesa msizozijua, msiziguse, hata kama ni wiki ya misinale, hata kama kuna msiba. Pesa ya namna hiyo ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, na mgeni kama huyo humlazi kitandani kabla hujamwuliza atokako. Ulizeni siku ileile, dirishani, kwa midomo yenu. Ombeni karatasi yenye muhuri. Na mtu akiwapigia simu eti arudishiwe kwa namba hii au ile, mkatieni, nendeni benki kwa miguu yenu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu wa kwenye ngazi.

Dawa ya deni ni kulipa, nasi tumekuwa tukilipa. Filimone ameuza nguruwe, Anaseini amekatwa mshahara, Manase ametuma kila mwezi. Zilizobaki Anaseini anasema ni elfu mbili mia saba, Filimone anasema elfu tatu na kitu, na mimi nikizihesabu zinageuka kila mara. Kiasi chenyewe waulizeni benki. Lavinia dada yangu, mikeka na magome ya nguo yatakayoletwa msibani yatapita mikononi mwako, nawe ndiye mwenye kuyagawa. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu, usiyagawe. Yauze. Nguruwe asichinjwe hata mmoja mpaka pesa ya Kalisi itimie. Watu watasema Inoke amezikwa kama mbwa. Waacheni waseme, waleteeni chai na mkate.

Shamba la juu ni la Manase, kwa kuwa ni kifungua mimba na sheria ya nchi ndivyo isemavyo, lakini Filimone ndiye aliyelitolea jasho. Manase, usimwondoe ndugu yako. Filimone, usimfiche mwenzio mipaka. Anaseini, farasi mdogo ni wako, na ile saa, ingawa haiendi.

Na siku ya mazishi, kabla hamjanitoa kanisani, karani asome upya. Aseme kwamba mwaka jana alisoma vibaya, na kosa ni la Inoke. Asome, "Kalisi Moala wa Vavau," na kiasi chake chote, mpaka watu wageuke kutazama mahali ambapo hayupo. Jina langu litoke, na la Manase litoke. Inaniuma, mwanangu, kulitoa jina lako. Ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko siku zote nilizoishi, na haikuwa yangu. Usiinamishe kichwa watakaposoma. Zile Jumapili za simu hazikuwa za Kalisi, zile zilikuwa zako.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Mungu awape mvua ya kiasi. Awape viazi vikuu visivyooza ardhini, na watoto watakaoitika mkiwaita. Awape... Lavinia, kulikuwa na neno jingine, nilikuwa nalo sasa hivi. Sepetu. Ndiyo, sepetu. Nimekwisha kulisema? Nimelisema kwa sauti, au nimelisema moyoni? Anaseini, usilie, nijibu. Kama nimelisema si vibaya nikalirudia. Manase... neno la pale uani nalirudisha kinywani mwangu, nakwenda nalo mimi. Shika sepetu, mwanangu. Filimone atakupokea ukichoka. Lakini anza wewe... udongo wa kwanza... anza wewe.