Mwalimu Notburga na Mtoto wa Siku Tisa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, masista, walimu, majirani zetu wa Matogoro na ndugu wote mliopanda kilima hiki na vumbi lake, poleni kwa msiba. Familia zetu mbili zimemteua Devota Mhagama, wifi yake marehemu, awasomee historia hii, na mkimwona anasita msidhani hajui kusoma, ni miwani imelowa.

Mwalimu Notburga Luambano alizaliwa tarehe 13 Septemba 1961, Hanga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Polikarp Luambano, aliyekuwa akitunza kuku wa watawa, akabatizwa hukohuko wiki hiyohiyo, na akakulia bandani, hata mama yake akisema huyu mtoto atakuja kutaga.

Alisoma Shule ya Msingi Hanga mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana hapa Songea, na mwaka 1984 alihitimu Stashahada ya Ualimu katika masomo ya Biolojia na Kemia. Alifundisha katika mkoa huu huu wa Ruvuma kwa miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu Septemba 2021, na wanafunzi wake waliojaa hapa leo wengine wana mvi, lakini akiwakazia macho walikuwa bado wanachomekea mashati.

Tarehe 28 Septemba 1985 alifunga ndoa takatifu na Bwana Otto Mhagama, fundi seremala wa Mjimwema, na Mungu akawajalia watoto. Hapa waombolezaji naomba mnisikilize, maana karatasi iliyoandaliwa na kamati imeandika watoto watatu, Valence wa mwaka 1986, Careen wa 1991 na Remmy wa 1995, ambao wote wapo mbele yenu. Kati ya Valence na Careen alizaliwa Aurelia, tarehe 4 Machi 1989, akabatizwa na sista muuguzi kwa maji ya kikombe, midomo yake ikawa ya bluu kila aliponyonya, daktari akaeleza kwamba moyo wake haukugawanyika sawasawa, na tarehe 13 Machi akafariki, akiwa na siku tisa.

Kwenye msiba ule Devota alisimama mbele za watu akasema kwamba mtoto ameuawa na mayai, kwa kuwa alimwona wifi yake, mimba ikiwa ya miezi sita, akila mayai mawili ya kuchemsha jikoni, na kwetu wazee walikataza mjamzito kula mayai. Ulimi hauna mfupa. Maneno hayo yalizunguka Mjimwema yote, lakini Notburga hakuacha kumsalimia Devota kila Jumapili.

Mwaka 1991, Careen akiwa tumboni, Devota alikuja kukataza mayai kwa mara ya pili, na marehemu badala ya kumfukuza alimshika mkono, akachukua yai lililokuwa limelaliwa na kuku siku nne, akalitoboa kidirisha kwa mkasi mdogo kama alivyowafanyia wanafunzi wake, na humo ndani, juu ya kiini, palikuwa na tone jekundu linadunda, dogo kuliko punje ya ulezi. Akamweleza kwamba kiumbe huanza na moyo kabla hajawa na mdomo wa kulia, kwamba moyo wa mtoto wa binadamu huanza kudunda mama akiwa bado anajiuliza kama amechelewa tu siku zake, na mimba inapofika miezi miwili kuta za vyumba vyake zimeshajengwa, zikajengeka vizuri au vibaya, kwa hiyo mayai ya mwezi wa sita yalikuta kazi imeshakwisha. Devota alielewa, akasema amechelewa shamba, akaondoka. Alipobeba mimba yake mwenyewe alikula mayai, lakini neno la kuomba radhi halikumtoka.

Mwezi Aprili 2023 marehemu alishikwa na maumivu ya kifua akipalilia mboga, akalazwa, na madaktari wakamweleza kwamba sehemu ya msuli wa moyo imekufa na pamebaki kovu. Kitandani aliendelea kufundisha, akituambia wapo samaki wadogo wenye milia ambao wakikatwa kipande cha moyo wanakiotesha upya, ila binadamu mzima haoteshi wa kutosha, jino la pembe si dawa ya pengo, kovu halidundi, lakini bila hilo kovu ukuta ungepasuka, basi akalipongeza kovu lake kama mwanafunzi aliyepata wastani. Miguu ilianza kuvimba, akawa analala kwenye mito mitatu. Siku moja mwezi Agosti mwaka huu alimuuliza Devota, aliyekuwa akimsugua miguu, kwamba wifi, siku yangu mtanisomea watoto wangapi, na Devota akainama, akaendelea kusugua. Mwalimu alifariki dunia tarehe 2 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bwana Otto, zikiwa zimebaki siku kumi na moja atimize miaka sitini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa zaidi ya miaka miwili, majirani wa Matogoro waliotuletea kuni, maji na unga bila kuombwa, walimu wenzake, jumuiya yake ndogo ndogo, na ninyi nyote, kwa kuwa hatuwezi kumtaja kila mmoja.

Wifi, jana usiku nimeikata ile karatasi ya kamati kwa kalamu, na Otto amesimama pembeni akaniambia kata vizuri isomeke. Umezaa watoto wanne. Wa pili ni Aurelia, hakuuawa na mayai wala na wewe, niliyesema hivyo ni mimi, na leo ninayakanusha maneno hayo mbele ya watu kama nilivyoyasema mbele ya watu. Nimechelewa miaka thelathini na sita. Nisamehe, na upumzike kwa amani.