Kura ya Vikombe Vitatu

Nyuma ya gereji za Manzese, pale njia ya vumbi inapoiacha barabara ya Morogoro na kujipenyeza kati ya nyumba, palikuwa na benchi refu lililotengenezwa kwa bodi ya lori bovu. Hapo Shomari aliuza kahawa kila alasiri, na hapo Atuganile, mke wa Leodegar, aliweka sinia lake la kashata, mtoto wao Tusajigwe akiwa mapajani. Wenye benchi walikuwa watatu. Mashaka, fundi magari, aliitwa Spana. Nassibu alitengeneza redio za watu, akazisikiliza hadi wenyewe waje kuzidai, kwa hiyo aliitwa Redio. Mzee Talha alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba, wakamwita Hakimu, na hakuna aliyemkumbusha kwamba hakuwahi kumhukumu mtu. Benchi hilo lilikuwa na desturi moja: aliyetosheka alikifunika kikombe chake, mdomo chini, na Shomari akampita bila kumuuliza.

Alhamisi hiyo Leodegar alifika na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Alikuwa karani katika ofisi ya viwango, huko mjini, na kijiweni walimwita Afisa.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, Afisa. Karibu.

— Hiyo bahasha nayo wameipunguza kazi? aliuliza Redio.

Atuganile aliona kandambili ya Spana ikimkanyaga Redio mguuni, taratibu, huku uso wa Spana ukitazama kwingine. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na ofisi za serikali zilikuwa zikipunguza watu. Orodha ya ofisi ya Leodegar ingebandikwa Jumatatu. Benchi zima lilijua, na hakuna aliyeitaja. Ila tangu habari hizo zisikike, Spana alikuwa akisogea juani ili Leodegar akae penye kivuli, na Redio, taarifa ya habari ikifika kwenye mambo ya kupunguza wafanyakazi, alizungusha kitufe kama mtu anayetafuta matangazo ya mpira. Atuganile aliyaona yote hayo, akayaweka moyoni.

— Nimemwambia aje nayo, alisema. Wiki mbili anakesha na makaratasi. Nikamwambia, Baba Tusa, kakae na watu.

— Ni kura, alisema Leodegar. Kura ya kimataifa. Nchi zinaulizwa kama zinakubali lugha moja iwekewe kanuni.

— Lugha ya wapi?

— Ya kompyuta. Inaitwa Lisp.

— Kompyuta nazo zina makabila? aliuliza Spana.

— Zinayo, bwana. Hii ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Ilianzia Amerika, inakaribia miaka arobaini sasa. Wasomi wakaipenda, na kila chuo kikaichukua kwake, kikaongeza chake, kikapunguza chake. Mwisho kilichoandikwa huku kikawa hakisomeki kule. Wamarekani wakaziunganisha za kwao, ikatoka lugha kubwa ajabu, kitabu chake kinapita kurasa elfu moja. Wa Ulaya wakasema hiyo hatuiwezi, sie tunataka ndogo. Wajapani nao wana yao. Wamekaa kikao cha mataifa miaka na miaka, mpaka wameipata hii ndogo ambayo kila mmoja anaweza kuimeza.

— Na sasa wanatuuliza sie.

— Kila nchi iliyomo kwenye chama cha viwango cha dunia inaulizwa.

— Basi hapo wameonyesha adabu, alisema Hakimu, akavuta bahasha na kutoa karatasi.

Redio alichungulia begani kwake. Ukurasa ulikuwa umejaa mabano. Yalifunguka mawili mawili, yakafunga matano kwa mpigo.

— Huyu aliyeandika anaogopa wezi, alisema. Mlango mmoja makomeo matano.

— Kinachotakiwa ni nini hasa, Afisa? aliuliza Hakimu.

— Neno moja. Naunga mkono, au napinga, au sina upande. Ukiunga mkono unaweza kuongeza maoni. Ukipinga lazima utoe sababu za kitaalamu, la sivyo kura haihesabiwi. Kesho saa mbili asubuhi liwe mezani kwa mkurugenzi, na niwe naweza kulitetea.

— Andika huna upande, ukalale, alisema Redio.

Leodegar alitikisa kichwa.

— Aliyekuwa na meza hii kabla yangu aliandika hivyo kwenye kila karatasi. Miaka kumi na moja. Jana mkurugenzi kaniambia, meza isiyokuwa na upande haina haja ya mtu.

Shomari aliinuka bila kuitwa, akamjazia Leodegar kikombe kabla ya kumjazia mzee, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mzee alitazama pembeni kana kwamba hakuona.

— Sikilizeni, alisema Spana. Hii ishu ni yangu kabisa. Kompyuta siijui, lakini nati naijua. Land Rover ya zamani nati zake ni za inchi. Toyota, milimita. Sasa chukua spana ya kumi na tatu, ipeleke kwenye nati ya nusu inchi. Itashika. Itakudanganya kwamba imeshika. Ukivuta kwa nguvu, inateleza, na vidole vinaenda kwenye chuma.

Alionyesha kovu lililopita kwenye vifundo vitatu vya mkono wake wa kulia.

— Hapa kuna Mwingereza na Mjapani ambao hawakukaa kikao. Andika unaunga mkono. Na siku dunia nzima itakapokuwa na nati moja, hata vita vitakwisha.

— Vita vinaingiaje kwenye nati?

— Majeshi yanapigana ili yaagize spea. Wewe hujawahi kuona?

— Spana, kaa na nati zako, alisema Redio. Nyie hamsikilizi redio, mie nasikiliza. Hizo mashine kuwa na lugha mbalimbali ndiyo salama yetu. Ya Japani haiielewi ya Amerika, kwa hiyo kila moja inakaa kwao inafanya kazi. Leo mzipe lugha moja. Zitaanza kusalimiana. Zikishasalimiana zitaitisha mkutano. Ajenda ya kwanza, sie. Ya pili, bandari. Makuli wote wa Temeke watakuta winchi zimeshakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Na zitatuteta, tena mbele yetu, na hatutajua.

— Zikutete wewe? aliuliza Spana. Ziseme nini? Redio ya Mama Apolonia umekaa nayo miezi minne.

— Inasubiri kifaa.

— Jana ilikuwa inaimba taarabu.

— Nilikuwa naijaribu.

Leodegar alitabasamu kidogo, halafu akaangalia tena karatasi. Atuganile alijua hilo tabasamu. Ndilo alilokuwa akimpa mtoto anapolia na dawa hakuna.

Hakimu alisubiri wanyamaze. Alipokuwa na neno zito alikiweka kikombe chini kwanza.

— Mie napinga, alisema. Na sababu ninayo. Mama yangu alikuwa mtu wa Mombasa, Mmvita. Enzi za Mwingereza walikaa kikao hivihivi, nchi nne, wakaamua Kiswahili cha vitabuni kiwe cha Unguja. Waliamua kwa adabu, kwa karatasi, kama hizi. Mama yangu alilala ana lugha, akaamka ana lahaja. Mie mwenyewe nilisema "ndia" darasani nikachapwa, mwalimu akaandika "njia" ubaoni nikaambiwa nirudie mara hamsini. Sasa huko kwenye hizo Lisp, jiulizeni, kuna mama wa nani anaamka kesho?

Hakuna aliyecheka. Hata Redio alikunja shingo.

— Na mimi nawaambia, aliendelea mzee, sauti imeshapanda, kila Mzungu anapounganisha kitu, kuna kingine anakipakia melini. Walipounganisha reli walichukua pamba. Walipounganisha lugha walichukua mama yangu. Mkichunguza, hata metriki ilikuja mwaka uleule tulioanza kukosa sukari.

— Haikuwa mwaka ule, Mzee.

— Ilikaribia.

Atuganile alimhamishia Tusajigwe paja la pili. Hakuwa na mazoea ya kuingilia mazungumzo ya wanaume, na shule yake iliishia darasa la saba. Lakini alimwona mumewe ameshaishika kalamu, na jambo alilotaka kulisema lilikuwa lake kabisa, hakulisoma popote.

— Mzee, naomba niseme.

— Sema, mwanangu.

— Mie nimezaliwa Tukuyu. Mpaka naingia darasa la kwanza najua Kinyakyusa tu. Kiswahili nilichofundishwa ndicho hicho cha vitabuni, hicho unachokilalamikia. Sasa ile siku Tusa alipopata degedege, Baba Tusa yuko kazini, mie natoka mbio nakukuta wewe peke yako hapa. Ningekuambiaje?

Mzee Talha alimtazama mtoto. Ndiye aliyembeba siku ile hadi barabarani, akasimamisha pikapu ya mkaa kwa kusimama katikati ya njia.

— Ungelia tu, alisema. Ningeelewa.

— Wewe ungeelewa. Daktari je?

Mzee alikiokota kikombe chake chini, akanywa, akanyoosha kofia.

— Shauri lisilale, alisema. Tupige kura. Anayekubali akiache kikombe wazi. Anayekataa akifunike. Afisa na Mama Tusa hawapigi, wao ndio wenye shauri. Shomari naye ana dele la kahawa mkononi, haki haitamruhusu. Kila mtu afikiri kwanza, amalize kinywaji chake, ndiyo aamue.

— Sawasawa, alisema Spana.

— Naafiki, alisema Redio.

Wakafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa benchi hilo kukaa kimya dakika tatu mchana. Shomari alipita na dele, akaliinamisha sana, kila mmoja akapata nusu. Ng'ambo ya njia vijana walikuwa wakisukuma teksi isiyowaka, na Spana aliitazama kwa uchungu wa mtu anayejua kinachoisumbua. Akamaliza kahawa, akakiweka kikombe. Redio akamaliza, akaweka chake. Hakimu akaweka chake mwisho, kwa heshima zote.

Vikombe vitatu, vyote vimefunikwa.

— Watatu kati ya watatu, alitangaza Hakimu. Imekataliwa. Hata Spana amezinduka.

Spana alikuwa bado anaitazama teksi. Leodegar aliviangalia vikombe kwa muda mrefu, kisha akaiweka karatasi juu ya goti, akaandika herufi tatu za kwanza za "napinga". Atuganile aliuona mkono wake ukisimama hapo. Alijua kinachomsimamisha. Sababu za kitaalamu hazikuwepo, na asubuhi angeingia kwa mkurugenzi akiwa na neno lisilokuwa na miguu.

Hapo ndipo alipotokea Bi Munira, mshona mito wa nyumba ya kijani, akitoka sokoni na kapu lake. Aliweka kapu chini, akaliangalia benchi.

— Hamjambo. Mbona vikombe vyote vimefunikwa? Kahawa imekwisha, au mmetosheka?

Swali lilikuwa dogo. Redio alimtazama Spana.

— Wewe ulikataa? aliuliza.

— Nani kakataa? Mie nimefunika kwa kuwa nimetosheka. Nafunikaga siku zote. Wewe je?

— Mie nimekuona wewe umefunika. Nikajua unajua kitu.

— Mzee?

Hakimu alikitazama kikombe chake kana kwamba kimeletwa na mtu mwingine.

— Nilipokuwa nakiinua nilikuwa bado nafikiri maneno ya huyu binti, alisema polepole. Nilipokiweka... mkono umezoea. Wallahi siwezi kuapa.

— Nyie vipi, alisema Bi Munira. Nimeuliza kahawa tu.

Leodegar alianza kucheka. Hakuwa amecheka hivyo kwa wiki mbili. Alicheka mpaka Tusajigwe naye akacheka bila kujua sababu, na Atuganile akainamisha uso kwenye nywele za mtoto ili watu wasimwone macho.

— Sababu ninayo sasa, alisema Leodegar. Watu watatu, benchi moja, miaka mingapi mnakaa wote. Alama moja ikapewa maana mbili bila kanuni, na kura imeharibika hamjatoka hata kwenye kivuli. Sembuse Tokyo na Paris. Nikisimama mbele ya mkurugenzi nitalisema hili, nitalieleza, na nitaulizwa nijibu.

— Mwambie na habari ya nusu inchi, alisema Spana.

— Nitamwambia na ya nusu inchi.

Akazikata zile herufi kwa mstari mmoja, akaandika upya. Aliandika bila kusita, kalamu ikitoboa karatasi kidogo kila ilipopita juu ya mshono wa suruali. Alipofika mwisho akasimama.

— Hapa pana nafasi ya maoni, alisema. Mzee, nimeandika hivi. Naunga mkono. Ila lugha zote zilizoachwa nje zitajwe kwa majina yake katika kitabu hicho, na wapi zilikuwa zikisemwa, ili ajaye ajue kwamba zilikuwa lugha.

Ile teksi ng'ambo ilikohoa, ikawaka, ikaondoka.

— Watalikubali? aliuliza Redio.

— Sijui. Lakini meza imesema kitu.

Aliitia karatasi ndani ya bahasha, akampa Atuganile aishike, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyokuwa mikavu kuliko ya wote pale. Atuganile aliibana kifuani pamoja na mtoto. Jumatatu ilikuwa bado haijafika, lakini ikifika ingemkuta mumewe amepata usingizi.

Mzee Talha aliunyoosha mkono, akakishika kikombe chake kwa vidole viwili. Akakigeuza, kikakaa wazi juu ya bodi ya lori.

Shomari alilitikisa dele karibu na sikio lake.

— Kahawa imekwisha, Mzee.

— Najua, alisema Hakimu. Napiga kura.