Jina la Percy Liwe Juu

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Keith toka hapo dirishani, treni ya saa tano inayomleta mgeni wangu haitawahi kwa sababu unaichungulia. Daktari amesema nisiongee zaidi ya dakika kumi kwa mara moja. Mimi nimeongea miaka zaidi ya arobaini mbele ya watu wasionijua, na hakuna aliyenipimia dakika isipokuwa meneja wa jukwaa, kwa hiyo leo nitaongea mpaka nimalize. Nikikohoa msinirukie na maji. Nisubirini tu.

Sikilizeni, wanangu. Nyumba ni yenu nyote wawili, nusu kwa nusu, wakili anajua, sina la kuongeza. Piano ipelekeni kanisani, yao imeingia unyevu na mpigaji wao anastahili bora zaidi. Sanduku la magauni na wigi ni lako, Beryl, kwa sababu ulianza kunifunga kamba za mgongoni ukiwa na miaka saba, ukisimama juu ya kreti ya bia, na vidole vyako vinakijua kila kishikizo. Keith, nakuachia viatu vyekundu vya kisigino, namba kumi na moja. Najua hukuwahi kuvipenda. Siku ile waliyokuvunja jino shuleni kwa kuwa baba yako anavaa gauni mbele za watu, ulirudi ukaniuliza, "Baba, kwani huwezi kuchekesha ukiwa na suruali?" nikakujibu kwamba nimejaribu na hawacheki. Vichukue hivyo hivyo. Havina kosa lolote, vimefanya kazi kwa uaminifu kuliko mimi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi halmashauri ya mji inafunua sanamu yangu mbele ya gati. Mmeiona ile picha waliyoinakili, nchi nzima inaijua: mwanajeshi aliyevaa gauni la marinda na buti za jeshi, uso mweupe kwa poda, anakimbia darajani akiwa amembeba mgongoni ofisa aliyejeruhiwa. Italia, Desemba 1944. Chini yake imeandikwa kwamba ni mimi, Norman Ollerenshaw, mchekeshaji aliyekwenda vitani na sketi.

Mtu yule si mimi.

Usiitazame chupa ya dawa, Beryl. Si dawa inayosema. Yule ni Percy Tattersall wa Oldham.

Jina hilo nimelisema mara moja tu nyumbani, tena kwa hasira, kwa hiyo acheni niwaambie alikuwa nani. Mimi nilipoingia jeshini nilikuwa kijana wa kiwanda cha nguo cha Burnley. Sikuwa nimekanyaga jukwaa, na chekesho langu pekee lilikuwa kumwigiza msimamizi wetu akipenga kamasi. Percy alikuwa ameigiza akina mama kwenye michezo ya Krismasi miaka sita kabla ya vita, katika kumbi za kweli, zenye viti vya mahameli. Jeshi likamfanya mpishi. Alinikuta nikimwaga maji ya viazi, akasimama kunitazama, akasema, "Wewe unatembea kama bata aliyesahau kitu. Usijirekebishe hata kidogo. Nitakutumia."

Akanifundisha yote. Namna ya kukaa ndani ya sketi pana, namna ya kusubiri kicheko kifike juu kabisa kisha kianze kushuka ndipo useme neno linalofuata, namna ya kumtazama mtu wa safu ya nyuma kana kwamba amekuibia kuku. Krismasi ile kikosi kilikuwa mapumzikoni nyuma ya mstari wa mbele, na Percy akaamua tucheze hadithi ya yule binti wa jikoni aliyepoteza kiatu. Mimi na yeye tukawa wale dada wawili wabaya, tena mapacha. Magauni aliyashona kwa vyandarua na mapazia ya hospitali, matanzi ya kutanua sketi akayapinda kwa waya wa simu, wigi zilikuwa kamba za kufungia mizigo zilizofumuliwa na kuchovywa kwenye chai. Ukitupaka poda, mama zetu wasingetutofautisha. Luteni Fairbairn, kijana mwenye adabu sana, alikuwa miguu ya nyuma ndani ya vazi la farasi la watu wawili.

Mnaijua desturi ya mchezo wa Krismasi, nyinyi mmekulia nyuma ya mapazia. Mistari miwili ya mwisho haisemwi mazoezini. Unafanya mazoezi mpaka unachoka, unafika hapo, unafunga mdomo, kila mtu anakwenda zake. Inasemwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji, la sivyo mchezo unapata balaa. Percy alikuwa mkali katika hilo kuliko padri. Mistari yetu aliitunga mwenyewe, akaiandika, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi na kunipa mimi niliyepaswa kuisema. "Utaifungua tukiwa tumeshikana mikono mbele ya pazia, dada," akaniambia. Hivyo ndivyo tulivyoitana, dada, hata tukiwa tunasugua masufuria. "Ukichungulia kabla ya hapo, nitakupikia supu kila siku mpaka vita viishe, na unajua supu yangu."

Tulicheza Alhamisi, mchana, ndani ya ghala la mahindi, watu mia tatu wamekaa mpaka juu ya maboriti. Wanangu, nimesimama mbele ya mfalme, nimesimama mbele ya kamera, lakini sijasikia tena kicheko kama kile. Vumbi la mahindi lilikuwa linadondoka kutoka darini. Tulikuwa tumebakiza sehemu ya kujaribu kiatu tu, mguu wangu uko juu ya paja la aliyeigiza mwana wa mfalme, ndipo sajini alipoingia na kusema Wajerumani wamevuka mto na kila mtu awe ndani ya lori kwa dakika tano. Wote wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi. Ikabidi atukane ndipo waamini.

Suruali zetu zilibaki nyuma ya jukwaa. Tulipanda lori kama tulivyokuwa, buti, magauni, bunduki.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye sanamu. Tulipofika darajani risasi zilikuwa zimeshaanza, tukaamriwa kuruka. Percy akaruka. Mimi nikaruka nyuma yake, na tanzi la sketi yangu, ule waya wa simu, likanasa kwenye ndoano ya mlango wa lori. Nikabaki nimening'inia. Miguu haigusi chini, gauni limenifunika kichwa, mikono imebanwa, nimetundikwa kama nguo ya kufuliwa huku vita vikiendelea. Cheka, Keith. Cheka, mwanangu, ndiyo maana nakusimulia. Nilikaa hapo muda wote wa mapigano, na nilichokiona kupitia tundu la chandarua ni Percy akirudi darajani, wigi imepinda upande mmoja, amembeba Luteni Fairbairn, anakimbia kwa hatua zile zile fupi alizonifundisha. Alimlaza nyuma ya ukuta, akaniona, akasema, "Na wewe shuka hapo, dada, unatuaibisha." Kisha kombora likaanguka karibu naye.

Hakufa. Walimpeleka hospitali ya nyuma, na sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kando ya barabara nakunywa chai ndani ya gauni lililochanika. Mwandishi wa gazeti akaja na mpiga picha wake, yule aliyepiga ile picha jana yake akiwa amejificha nyuma ya ukuta. Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo maishani, akaniuliza, "Ni wewe uliyembeba yule luteni?" Na mimi nikamjibu, "Yeyote angefanya hivyo." Maneno matatu. Yachukueni moja moja, hakuna la uongo hata moja, na yote matatu kwa pamoja ni uongo mtupu. Akaandika. Luteni mwenyewe alikuwa amezimia, alichokumbuka ni harufu ya poda tu, akaniandikia barua ya shukrani kila Krismasi mpaka alipofariki, na kila Krismasi nilikosa hamu ya pudini mpaka saa za jioni.

Picha ile ndiyo iliyonipa redio, redio ikanipa televisheni, televisheni ikawapa nyinyi viatu na shule. Sisemi kwamba sikufanya kazi. Nilifanya. Lakini mlango ulifunguliwa kwa uso wa Percy.

Alikuja kuniona mwaka 1947, mlango wa nyuma wa ukumbi, huko kwao Oldham. Jina langu lilikuwa juu kabisa ya bango, herufi ndefu kama mkono. Nilipomwona nikaanza kujitetea kabla hajafungua mdomo, nikamwambia kila mtu ana bahati yake, nikamwambia asije kunidai. Akaniinamia kwa sikio lake zima, akasema, "Sikuja kudai uso wangu, dada. Nimekuja kuona kama bado unatembea kama bata." Akaondoka. Hasira yangu yote niliyoileta nyumbani usiku ule ilikuwa hiyo tu: alikuwa na haki ya kunitukana, naye hakunitukana. Hakurudi jukwaani. Mchekeshaji asiyesikia vizuri kicheko hajui aanze lini kusema neno linalofuata. Aliuza viatu miaka thelathini na moja, na hakumwambia mtu.

Basi wiki tatu zilizopita nilimwandikia. Nilimweleza habari ya sanamu, nikamwomba aje asimame pale mwenyewe. Jibu lilikuja Jumanne, ndiyo ile kadi yenye picha ya punda mliyodhani ni ya tangazo. Nisomee, Beryl. Si ndefu.

Mmesikia. "Dada, nitakuja kwa treni ya saa tano. Lakini jina langu juu."

Mambo ya mabango, wanangu, hayaishi hata mkizeeka. Na ana haki. Kwa hiyo agizo langu la kwanza: barua hii iliyo chini ya mto ina habari yote, nimetia sahihi, nesi ameshuhudia. Keith, leo hii hii uipeleke kwa wenye sanamu na kwa gazeti. Kibao cha shaba kibadilishwe. Juu, herufi kubwa, Percy Tattersall. Chini, herufi ndogo, "Norman Ollerenshaw alikuwapo, amening'inia kwenye lori." Watanung'unika. Watasema mnaharibu jina la baba yenu. Waambieni nililiharibu mwenyewe kwa maneno matatu na sasa nalifua. Na wakicheka, msione haya. Nimewalea kwa kicheko, hamtakufa kwa kicheko.

Nipe maji sasa. Kidogo. Basi.

Agizo la pili. Kwenye droo, chini ya leso. Ndiyo, hiyo. Imekuwa ya njano lakini gundi ya jeshi imeshika. Sijaifungua, miaka arobaini na minne. Mara nyingi nilitaka, ila niliogopa, kwa sababu mchezo ule haukwisha, na nilijiambia maadamu mistari haijasemwa mimi bado niko jukwaani. Siku mtakayonizika, kanisa likijaa, na litajaa maana watakuja kuona nani kaja, mpeni Percy aifungue, aisome kwa sauti. Niliambiwa niiseme mimi, lakini niliinyamazia. Aiseme mwenye nayo. Wakipiga makofi msiwakataze.

Sauti inaniishia. Njooni. Mkono wako, Keith. Beryl. Mungu awape nyumba yenye kelele. Msinuniane kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya piano. Muwe na mtu mmoja wa kuwaambia kwamba mnatembea vibaya, na mumpende. Nimewabariki. Nimewabariki na wasiokuwepo.

Hiyo ni kengele. Kafungue, Keith, umsemeshe sikio la kulia, umpe mkono kwenye ngazi lakini usimwonyeshe kwamba unamsaidia. Huyo ndiye, msikie, ameshaanza kulizomea zulia letu. Beryl, poda. Iko mezani. Siwezi kumpokea dada yangu na uso huu. Hapo puani, zaidi. Na hiyo bahasha irudishe ndani ya droo, mama, upesi, asiione.

Leo ni mazoezi tu.