Ng'ombe wa Nje ya Stempu

Benchi la kahawa la Hulda hapo stendi ya Garsen lilikuwa limepooza. Buya mkulima, aitwaye Hansadi kwa kuwa, kama mbunge, haongei mpaka asimame, siku hizi alinywa kahawa asubuhi. Dukicha mfugaji, Jaji wa kesi zote na hasa zake mwenyewe, alikuja jioni. Walianza kukwepana tangu migomba ya Buya ilipoliwa na ng'ombe wasio na mwenyewe. Hulda alijua shauri likifika kwa chifu, wale wawili hawataketi pamoja tena, na jambo hilo lilimuuma. Basi akatoa bahasha ya ukumbusho aliyotumiwa na mwanawe Elvis, mwanajeshi wa kulinda amani ng'ambo. Stempu yake ilikuwa na askari wa kofia ya buluu kando ya mto, kati ya mtu wa jembe na mtu wa fimbo. Hulda akamwambia kila mmoja kwamba mwenzake ameiona na hakuielewa. Kesho yake wote wawili walifika mapema, naye akaketi katikati.

Buya akasimama.

— Huyu wa jembe shamba lake limeliwa. Mtazameni uso.

— Ng'ombe yuko wapi? Dukicha akauliza. Mimi sioni hata mkia.

— Washakula, wametoka nje ya stempu.

— Ng'ombe wa nje ya stempu hana kesi, Dukicha akaamua. Na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ng'ombe ni mgeni.

— Walisema pia haba na haba hujaza kibaba. Ng'ombe zako zilianza na jani moja.

— Zangu? Si tunaongea mambo ya stempu?

— Naam, stempu.

Buya akadai askari ni Mpokomo mwenzake, maana ameupa mto mgongo bila kuogopa mamba. Dukicha akasema miguu ile ni ya Muorma mfugaji kama yeye, imetembea. Walipofika kikombe cha pili, kwa hoja zao Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa stempu kwa sababu ya migomba ya Buya. Cha tatu, mto ulikuwa Tana wenyewe, na posta wamegonga muhuri pale makusudi, kuficha njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Hulda akawa na kazi ya kuzuia viwiko.

Bishara muuza maziwa akaja kununua kahawa, akainama kutazama.

— Mama Elvis, huyu wa katikati akirudi kwao, hawa wawili watafanyaje?

Buya akainuka, akaketi tena. Dukicha akakohoa.

Hulda akatikisa birika, tupu. Akaiacha bahasha pale alipokuwa ameketi, akaenda kuchemsha nyingine, na huko akachelewa makusudi, akipuliza moto uliokwisha kuwaka. Nyuma yake akasikia kikohozi cha Dukicha tena.

— Buya.

— Nakusikia.

— Wale ng'ombe wamo ndani ya stempu. Na ni wangu.